Kiwanja cha ndege kinaamriwa na nani?



Mara nyingi ukurasa huu unawaletea habari ya kofia ngumu, ya viatu vya kazi, ya maji safi na ya vumbi la shimoni. Safari hii tutazame mahali pengine penye hatari, ambapo wengi wenu mnapita: kiwanja cha ndege. Mfanyakazi anatumwa Kinshasa kwa masomo, mama anakwenda Goma kumtazama binti aliyejifungua, mgonjwa anapelekwa kwenye hospitali kubwa. Tena wako watu ambao hawapandi ndege hata siku moja, lakini wanalima, wanauza au wanalala karibu na ua wa kiwanja. Hao nao habari hii inawahusu, pengine kuliko wasafiri wenyewe.

Hapa dispanseri ninasikia maswali yaleyale. Kwa nini ndege haikuondoka, na mvua ilikuwa imekwisha? Kwa nini walinipima mpaka mfuko wa mkononi? Yule mkubwa amelipia ndege nzima, kwa nini hawezi kuamuru iondoke? Jibu la maswali haya matatu ni moja. Kiwanjani hakuna mtu mmoja anayeamuru kila kitu. Kila mmoja amepewa sehemu yake, na "hapana" ya mmoja haifutwi na "ndiyo" ya mwingine, hata kama huyo mwingine ana cheo kikubwa au pesa nyingi.

Anga lina mwenyewe

Tarehe 7 Desemba 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado haijakwisha, wajumbe wa nchi 52 walitia sahihi mapatano mjini Chicago, Marekani. Neno la kwanza la mapatano hayo ni hili: kila nchi ni bwana wa anga lililo juu ya ardhi yake. Ndege ya kigeni haipiti juu ya Kongo bila ruhusa, kama vile lori la kigeni halipiti Kasumbalesa bila kusimama.

Mapatano hayo ndiyo yaliyozaa shirika tunaloliita OACI, lenye makao yake Montréal, nchi ya Kanada. OACI haina askari wala kiwanja. Kazi yake ni kuandika kanuni ambazo nchi zote zimekubali kuzifuata, na kanuni hizo zimegawanywa katika nyongeza 19. Moja ni ya viwanja, moja ya waongoza ndege, moja ya mizigo ya hatari, moja ya uchunguzi wa ajali, na kadhalika. Ndiyo sababu rangi na alama za pisti ya Lubumbashi zinafanana na za Brussels au Nairobi, na rubani anayefika kwa mara ya kwanza anazisoma bila kuuliza. Kila kiwanja kina jina la herufi nne. Luano yetu ya Lubumbashi ni FZQA, Kolwezi ni FZQM, N'Djili ya Kinshasa ni FZAA. Mkiona FZ mwanzoni, mjue ni Kongo yetu.

Mtenda kazi na mkaguzi

Katika nchi yetu kazi imegawanywa hivi. Mwaka 1972 iliundwa RVA, ambayo ndiyo inayotunza viwanja na kuongoza ndege angani. Mtu unayemwona akifagia pisti, mzimamoto, mwongoza ndege aliye juu mnarani, hao ni watu wa RVA. Halafu mwaka 2003 ikaundwa AAC, ambayo kazi yake ni kukagua: inatoa ruhusa kwa makampuni ya ndege, inatazama ndege yenyewe, karatasi za rubani, na viwanja pia. Sheria kubwa ya usafiri wa anga ikatolewa tarehe 31 Desemba 2010. Upande wa tatu ni makampuni ya ndege, ambayo yanauza tiketi na kulipa marubani.

Kwa nini kutenganisha? Ninyi wa mgodi mnajua jibu. Mkubwa wa uzalishaji anataka tani. Mtu wa usalama anatazama dari la shimo. Kama kazi zote mbili anapewa mtu mmoja, siku tani zinapopungua atajiambia kwamba ufa ule wa juu si mkubwa sana. Mkaguzi asiyeuza tiketi hana faida ndege ikiruka, wala hasara ikilala chini.

Mkaguzi akiwa dhaifu, nchi nzima inalipa. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliyakataza karibu makampuni yote ya ndege yaliyopewa ruhusa na Kongo yasiruke kwenda kwake. Haukusema kwamba kila ndege ya Kongo ni mbovu. Ulisema kwamba ukaguzi wetu hautoshi kuutegemea. Hilo ni neno zito, na mimi naona ni heri wasomaji walijue kuliko kusikia tu sokoni kwamba "Wazungu wanatuonea".

Kengele ya mnarani

Wale waliofanya kazi chini ya ardhi, kwa mfano Kipushi, wataelewa upesi kazi ya mwongoza ndege. Fundi anayeendesha mashine ya kushusha watu shimoni hawaoni watu hao. Anasikia kengele tu. Akiwa na shaka juu ya hesabu ya kengele, hasogezi mashine mpaka ipigwe tena. Basi radio ya ndege ni kengele yenu ileile. Mwongoza ndege akimpa rubani agizo, rubani analirudia: pisti gani, urefu gani, namba gani. Akikosea namba moja, mwongoza ndege anamsahihisha, na rubani anarudia tena.

Kanuni hiyo imeandikwa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, nchi ya Hispania, ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747 ziligongana pistini. Watu 583 walikufa. Ukungu ulikuwa mzito, mnara haukuziona ndege, na ndege hazikuonana. Moja, ya Uholanzi, ilikuwa mwisho wa pisti tayari kuruka. Nyingine, ya Marekani, ilikuwa bado inatembea juu ya pisti ileile ikitafuta njia ya kutokea. Maneno ya radio hayakuwa wazi, mnara ukajibu kwanza kwa neno fupi la kukubali, halafu sauti mbili zikasema kwa wakati mmoja na kuharibiana. Rubani mkuu wa Uholanzi akaondoka bila ruhusa.

Nataka mshike jambo moja katika habari hiyo. Ndani ya ndege ya Uholanzi alikuwamo fundi wa mitambo ambaye aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka pistini. Rubani mkuu, mtu mwenye sifa na mwalimu wa marubani wenzake, alijibu kwamba imetoka, akaendelea. Yule fundi hakurudia swali lake. Tangu ajali ile makampuni mengi ya ndege yakaanza kuwafundisha watu wadogo kusema kwa nguvu, na wakubwa kusikiliza. Na kwenye radio, neno "kuruka" halitumiki tena ila pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo watu husema "kuondoka".

Barabara zisizoonekana

Ndege ikitoka Luano, mnara unaishika mpaka inapoacha kiwanja. Halafu inapokewa na mwongoza ndege wa maeneo ya karibu, na baadaye na kituo kinachotazama anga kubwa. Kila mmoja anamkabidhi mwenzake, na ndege haiachwi na mmoja kabla haijashikwa na mwingine. Ikifika mpakani, inakabidhiwa kwa nchi jirani. Mnajua jinsi kapita wa zamu ya usiku anavyomkabidhi kazi kapita wa asubuhi. Ni hivyo hivyo, ila hapa zamu zinabadilika mara nyingi katika safari moja.

Ndege mbili zinazopishana zinatenganishwaje? Kwa urefu. Ndege inayoelekea upande wa mashariki inachukua maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili: 33,000 au 35,000. Inayoelekea upande wa magharibi inachukua yanayogawanyika: 34,000 au 36,000. Kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo rubani wako atakuwa, tuseme, kwenye futi 34,000, na mwenzake anayekuja huku yuko kwenye 35,000. Kati yao kuna futi 1,000, yaani kama mita 300. Si nyingi. Zinatosha kwa sababu kila mmoja anakaa mahali pake.

Kama zinafuatana kwenye urefu mmoja, na mwongoza ndege hana chombo cha kuziona, anazitenganisha kwa saa: rubani anataja wakati aliopita juu ya mahali fulani, na wa nyuma anawekwa mbali kwa dakika 10 au 15. Tena, kwa kuwa Afrika ina maeneo makubwa ambako radio ya kituo haisikiki vizuri, marubani wamefundishwa kutangaza wenyewe kwa wenyewe mahali walipo, kwenye mawimbi ya 126.9. Mtu anasema yuko wapi na anakwenda wapi, hata kama hamwoni wa kumjibu.

Hapa niseme neno juu ya saa, maana nimeona watu wakilia mlangoni mwa kiwanja. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Tiketi inaandika saa ya mahali unapoondoka. Aliyetoka Lubumbashi na hakurudisha saa yake nyuma, akifika Kinshasa atawahi bure. Lakini wa Kinshasa asiyepeleka saa yake mbele akifika Lubumbashi ataachwa. Marubani wenyewe hawana shida hiyo. Dunia nzima wanatumia saa moja tu.

Kuhusu mvua: rubani haogopi maji. Anaogopa wingu la radi, ambalo ndani yake upepo unapanda na kushuka kwa nguvu ya kuvunja. Wingu likiwa kilomita nyingi mbele, ninyi hamlioni, kwenu jua linawaka. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne huku Katanga, tieni mkate mfukoni na mkubali kungoja.

Uzito, joto na hewa nyepesi

Sasa tufike kwenye mizani, ambayo watu wengi wanaichukia. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Kwenye urefu huo hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko kule Muanda kando ya bahari. Mwezi wa kumi joto linapopanda, hewa inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linabebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupanda, na injini nayo inapata nguvu kidogo. Kwa hiyo kabla ya kila safari kuna mtu anayepiga hesabu: pisti ina mita ngapi, joto ni ngapi, upepo unatoka wapi, abiria na mizigo ni kilo ngapi. Jibu la hesabu hiyo linasema mifuko yote itapanda au mingine itabaki. Mfuko wa unga uliofichwa chini ya kitambaa haumo katika hesabu, lakini bawa linaubeba.

Na si uzito peke yake, ni mahali uzito ulipo. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka Bandundu ilipokuwa inakaribia kutua. Katika watu 21 akapona mmoja. Huyo mmoja alieleza kwamba mamba mdogo, aliyekuwa amefichwa katika mfuko wa abiria, alitoka, na watu wakakimbilia upande mmoja wa ndege kwa hofu. Wengine walicheka waliposikia habari hiyo. Mimi sicheki. Katika ndege ndogo, abiria 15 wakihama pamoja, rubani anaweza asiirudishe tena.

Mwisho wa pisti si shamba

Hapa ndipo nawaomba wale wasiopanda ndege wasome polepole.

Tarehe 8 Januari 1996, nchi yetu ilipokuwa bado inaitwa Zaire, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilianza kukimbia kwenye pisti ya N'Dolo, katikati ya mji wa Kinshasa. Ilikuwa imebebeshwa kupita kiasi. Haikuweza kupanda. Ikapita mwisho wa pisti, ikaingia katika soko la Simbazikita, watu wakiwa katika kununua na kuuza. Zaidi ya watu 200 walikufa, na karibu wote walikuwa watu wa sokoni: akina mama wenye mboga, watoto waliotumwa chumvi. Hawakuwa na tiketi.

Tarehe 15 Aprili 2008, Goma. Pisti ya Goma ilikuwa fupi kuliko ilivyojengwa, kwa kuwa mwezi wa Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga mawe ya moto yakafunika sehemu yake ya kaskazini. Ndege aina ya DC-9 haikuweza kuruka, ikapita mwisho wa pisti upande wa mji, ikaangukia mtaa wa Birere. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao walikuwa watu wa mtaa ule.

Kanuni za OACI zinajua kwamba siku moja ndege itapita mwisho. Ndiyo maana zinaagiza kwamba baada ya pisti kubwa kuwe kwanza na ukanda wa mita 60, halafu eneo lingine lililo wazi na tambarare, lisilopungua mita 90. Inayopendekezwa hasa ni mita 240. Hesabu mwenyewe: mita 60 na 240 ni 300. Mita hizo hazina kazi siku zote ila siku moja. Mtu akipita pale anaona majani tu, anasema serikali imeacha ardhi nzuri bure. Kisha anakuja mwingine na karatasi yenye mihuri, anaigawa na kuiuza kwa bei rahisi. Mfanyakazi anayetafuta mahali pa kujenga kwa ajili ya uzee wake anaona amepata bahati. Ndugu, kabla hujatoa pesa yako, simama pale pale uangalie: je, pisti inakuelekea? Kama inakuelekea, rudisha karatasi, hata kama muhuri ni wa kweli. Na soko likianza kujipanga hapo, akina mama, mlihamishe likiwa bado ni meza tano. Likifika meza mia tano hakuna atakayethubutu kulihamisha.

Kwenye viwanja vidogo vya udongo, ambavyo viko vingi katika nchi yetu, hatari inakuja kwa njia nyingine. Pisti ni mahali pazuri pa kuanika mihogo, tena ni njia ya mkato ya kwenda shambani na ya baiskeli. Rubani akifika analazimika kupita chini mara moja ili watu na mbuzi waondoke, halafu azunguke upya. Akiwa na mgonjwa ndani, au mafuta yamepungua, mzunguko huo unaweza kuwa mrefu mno. Jalala la takataka karibu na kiwanja nalo ni baya, kwa maana linaita ndege wenye mabawa ya manyoya, na mwewe mmoja akiingia katika injini anaweza kuizima.

Vijana wanaookota vyuma, na wale wanaokata waya wa shaba wa taa za pisti, wasikie hili. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, ndege ya Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kisichofika nusu mita, kilichoanguka kutoka ndege nyingine. Gurudumu likapasuka, tangi la mafuta likatoboka, moto ukawaka. Watu 113 walikufa. Bolti moja iliyodondoka kutoka baiskeli yako ni kitu cha namna hiyohiyo.

Wazimamoto wa kiwanja mnawaona wamekaa kivulini siku nzima, na wengine wanawaita wavivu. Kanuni inawataka wafike mwisho wa pisti na kuanza kumwaga povu kabla ya dakika 3 kupita. Watu waliomo ndani wakipona katika kuanguka, moshi ndio unaowamaliza. Kwa hiyo kukaa tayari ndiyo kazi yao, kama kikosi chenu cha uokoaji wa shimoni. Kikosi hicho kikiwa hakipo au gari lake ni bovu, ndege kubwa hazitakiwi kutua. Hiyo ni "hapana" nyingine.

Pesa zinatoka wapi? Ndege inalipa kutua, kadiri ya uzito wake. Ndege ya kigeni inayopita juu tu inalipa pia kwa kuongozwa. Na abiria analipa: mwaka 2009 ilianzishwa Go Pass, dola 10 kwa safari za ndani na 50 kwa safari za nje, ili kutengeneza viwanja. Msafiri aliyelipa ana haki ya kuuliza taa ziko wapi na ua uko wapi. Kuuliza si ugomvi.

Vitu vya kazi vibaki kazini

Mfanyakazi wa mgodi ana vitu vinavyokatazwa ndani ya ndege kuliko msafiri yeyote. Baruti na detoneta, hilo kila mtu analijua. Lakini kuna esansi katika bidoni, betri ya gari yenye asidi, chupa ya gesi, na zebaki ya kusafishia dhahabu. Zebaki ikimwagika inakula aluminiamu, na mwili wa ndege nyingi ni aluminiamu. Betri ndogo za kuchajia simu zikae mkononi mwako, zisiingie katika mizigo ya chini, ili zikiwaka watu wazione.

Kile kifaa cha kujiokoa shimoni, kinachotoa oksijeni kwa dawa zilizomo ndani, nacho kisifichwe katika sanduku. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya Marekani iliwaka na kuanguka katika matope ya Florida, watu 110 wakafa. Chini yake ilikuwa imebeba mitungi midogo ya kutengeneza oksijeni, iliyotolewa katika ndege nyingine na kuandikwa vibaya katika karatasi za mzigo. Mtungi mmoja ukiamka unapata joto kali, na oksijeni yake inaulisha moto.

Kabla ya mgonjwa kupanda

Sasa nirudi katika kazi yangu. Kiwanjani kuna pia meza ya afya, na huyo mtu wa meza ana amri yake. Wakati wa Ebola ya Kivu na Ituri, kati ya 2018 na 2020, alimpima kila msafiri joto, mkubwa na mdogo. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inafaa maisha yote, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ya zamani imekufa. Lakini usije siku ya mwisho. Sindano ya jana haikupitishi.

Hewa ndani ya ndege kubwa inafanana na hewa ya juu ya mlima wa mita 2,000 mpaka 2,400. Mtu mzima hasikii kitu ila masikio kuziba, na akimeza mate yanafunguka. Mtoto mchanga apewe ziwa ndege inapopanda na inaposhuka. Lakini mzee wa mgodi mwenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, mtoto mwenye ugonjwa wa SS, mwenye upungufu mkubwa wa damu, hao wamwone mganga kwanza, kwa sababu damu yao inabeba oksijeni kwa shida hata wakiwa chini. Mtu aliyeumia kifua, na hewa imeingia nje ya pafu, asipandishwe kabla mganga hajaitoa. Kule juu hewa iliyofungwa inatanuka kama theluthi moja, na pafu linabanwa. Plasta mpya ya mguu ipasuliwe kwa urefu kabla ya safari, maana mguu utavimba ndani yake. Ndege ndogo nyingi hazisukumiwi hewa ndani, kwa hiyo rubani aambiwe hali ya mgonjwa ili apite chini akiweza.

Niliwahi kumsindikiza fundi mmoja aliyevunjika paja. Tulikaa saa mbili chini ya bawa, rubani akitazama wingu, na shemeji wa mgonjwa akipiga kelele kwamba kampuni imelipa. Rubani alimsikiliza kwa heshima, akamjibu, "Baba, wingu halina habari ya malipo." Tuliondoka lilipopita, tukafika salama.

Kwa hiyo familia ikitaka mgonjwa wake apelekwe kwa ndege, lete habari hizi dispanseri mapema, angalau siku moja kabla kama ugonjwa unaruhusu: uzito wake wa kweli, kama anaweza kukaa au lazima alale, kama anahitaji chupa ya oksijeni (chupa hiyo lazima ikubaliwe na kampuni ya ndege, usiibebe tu), jina la msindikizaji mmoja, na kilo za mizigo yake. Machela inachukua nafasi ya viti kadhaa, na viti hivyo lazima vifunguliwe na fundi kabla ya asubuhi. Kwenye kiwanja cha udongo tunatuma pia watu wawili mbele, saa moja kabla, wakaondoe mihogo na mbuzi pistini, na mmoja wao abaki upande wa njia ya mkato mpaka ndege iondoke.